Mtamba Tuliyeipa Kampuni ya Simu

Nilikuwa shabiki wao. Naanza na hilo ili hawa ninaowataja humu wasije wakasema niliwachukia tangu mwanzo. Kofia yao niliivaa mpaka ukingo ukachanika. Fulana yao niliivaa hadi kanisani Rhotia. Mlango wa nyumba yangu waliupaka rangi yao ya zambarau, na mimi mwenyewe ndiye niliyewashikia ngazi. Mke wangu aliuliza kama tumefungua duka. Nikamwambia anyamaze, hii ndiyo kampuni itakayofikisha mtandao Kakesio.

Huko Kakesio, Umasaini, ndiko mguu wangu ulikovunjikia. Nilikuwa mpishi wa kambi za watalii, kazi niliyoijua bila kusomea maana shule niliishia darasa la nne. Safari moja tulitumwa mimi na dereva tutangulie na mahema na vyakula, wageni wangekuja siku ya tatu. Gari likapinduka korongoni. Redio kol ikafa hapo hapo. Dereva alikufa kesho yake mchana. Watu hupenda kusema alikufa papo hapo, wanaona hivyo ni vizuri zaidi, lakini aliongea nami karibu siku nzima. Mfukoni alikuwa na simu, laini ya zambarau, chaji imejaa, na mtandao haukuonyesha hata kijiti kimoja.

Aliyenikuta ni mfugaji wa Kakesio aliyekuwa akitafuta punda wake aliyepotea. Alimpata punda, akanipakia juu yake, akanipeleka hospitali ya Endulen kwa miguu. Nilipopona nilimpelekea kondoo jike. Kwa Wamasai, ukimpa mtu mnyama namna hiyo hamwitani tena kwa majina, mnaitana kwa yule mnyama. Kwa kondoo ni paker. Yeye ananiita Paker, mimi namwita Paker. Mtu wa namna hiyo humnyimi maji, humfungii mlango, na humdanganyi. Mimi ni Mwiraki, yaani Mmbulu, babu zetu waliuana kwa ajili ya ng'ombe, na ndugu yangu mkubwa duniani ni huyo Mmasai.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, lami ya kwenda geti la Ngorongoro ikiwa bado inang'aa. Simu zilikuwa zimeingia Karatu na mji ukagawanyika kama wakati wa mpira. Kwa mama wa chai nyuma ya stendi, benchi la kushoto lilikuwa letu, la kulia la wale wa kampuni nyingine.

"Nyie wa zambarau," alikuwa akituambia fundi wa kuchomelea vyuma, "mnapiga simu mkiwa mmepanda miti kama nyani wa getini."

"Angalau sisi zinatoka," namjibu. "Wewe salamu zako za Krismasi mama mkwe alizipata Pasaka."

"Alizipata lakini. Akafurahi mara mbili."

Basi tunacheka, tunakunywa chai. Sikuona aibu kushabikia kampuni ambayo haikunijua. Wengine walishabikia timu za Ulaya, zilikuwa zinawajua?

Halafu yakaja mabango. Picha ya kilima, juu yake mtu amenyoosha kidole mbinguni, na maneno mawili: JAMBO KUBWA. Chini, siku ya mnada, uwanja wa mpira Karatu. Hawakuandika jambo gani. Kila mtu akajaza lake. Mama wa chai alisema simu zitapigwa bure. Wengine walisema itatolewa simu isiyotaka chaji. Mimi sikuwa na wasiwasi hata kidogo, maana kabla ya mabango Paker alikuwa ameniletea habari: gari la kampuni limefika Kakesio, watu wameshuka na kile kitu cha miguu mitatu, wameuliza kilima kirefu kuliko vyote ni kipi. Amewaonyesha yeye mwenyewe. Wamekaa juu kuanzia asubuhi mpaka jua lilipogeuka.

"Wanapima mnara," nikamwambia. "Paker, wanapima mnara."

Alikunywa chai. Kisha akauliza, "Hiyo kampuni ina baba?"

"Ina meneja wa kanda."

"Ana nyumba?"

"Anayo, Arusha."

"Basi ni mtu. Nitampa mtamba."

Kwa hesabu yake, mtamba akishatolewa mbele za watu, yeye na meneja wanakuwa paashe, kama sisi tulivyo paker, na paashe hawezi kukuacha gizani hata akitaka. Ndiyo maana alitaka kumtoa kabla ya tangazo, amfunge yule mtu mapema. Hapa wa kulaumiwa ni mimi. Ningeweza kumwambia kampuni haifungwi na ng'ombe. Sikumwambia kwa sababu niliamini. Nilimwona dereva wangu kwenye kila bango.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Kakesio walikuja wengi, wametembea siku kadhaa, wako mbele kabisa na mashuka yao. Spika zilipiga muziki mpaka kifua kinatetemeka. Mshereheshaji alikuwa kijana wa Dar es Salaam mwenye miwani ya jua, huku ukungu wa Karatu umekaa mpaka kwenye paa la jukwaa.

Paker akapanda na mtamba wake, mweusi mwenye bato jeupe tumboni, hajawahi kuzaa, mzuri. Mshereheshaji akapiga kelele, "Oyaa, Kakesio mmetisha!" Meneja alishika kamba kwa vidole viwili, akageukia kamera.

"Kuanzia leo mimi na wewe ni paashe," Paker akamwambia.

"Asante sana mzee wangu," meneja akasema, na kamba akampa wakala wao wa Karatu, Mchaga mwenye duka la simu ambaye sote tulimwita Mangi.

Kisha pazia likaanguka. Nilikuwa nimeshamshika Paker mkono. Meneja akatangaza kwamba zambarau ya kampuni sasa ni mpya, imekolea. Akatangaza kwamba simu yako inaweza kulia kwa wimbo. Akatangaza kwamba kadi ya vocha imekuwa ndogo, inaingia vizuri kwenye pochi. Akasema asanteni sana. Muziki ukarudi.

Watu wakatazamana. Halafu, na hili ndilo linaloniuma, tukapiga makofi. Nami nilipiga.

"Mbona ni ileile?" mama wa chai akauliza, anatazama bango jipya.

"Imekolea," akasema mmoja wetu wa benchi la kushoto. "Ukiangalia kwa makini imekolea." Akanivua kofia, akaishikiza kwenye bango kulinganisha.

"Hiyo imepauka kwa jua tu," mama akasema.

"Hawa watu wana akili," mwingine akasema. "Kubwa wameificha. Hii ni ya kupasha joto."

Yule fundi wa vyuma alikuwa amekaa chini kabisa kwa kucheka. "Kadi imekuwa ndogo," alikuwa akirudia, "jamani, kadi imekuwa ndogo, sasa mtapona."

Nami nikamwambia Paker, "Subiri, bado hawajamaliza." Wakati huo walikuwa wanarusha fulana na watu wanakanyagana.

Paker hakuangalia fulana. Aliniuliza taratibu, "Kakesio ameitaja wapi? Nilikuwa nasikiliza. Labda ni Kiswahili changu."

"Hakuitaja," nikasema.

Nikaenda nyuma ya jukwaa. Meneja alikuwa anakula nyama choma na wenzake. Nikamwuliza, wale waliopima kile kilima? Akafikiri kidogo, akacheka bila ubaya wowote. "Aa, wale. Wale walikuwa wapiga picha, bwana. Si umeona bango?"

Nikasema kule watu wanakufa kwa kukosa simu. Nikamweleza habari ya dereva. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akasema, "Nakuelewa. Lakini Kakesio nani atanunua vocha? Ng'ombe hawapigi simu." Wenzake wakacheka. Mangi alicheka kuliko wote, naye ndiye aliyekuwa akituhakikishia dukani kwake, kila tuliponunua vocha, kwamba Kakesio iko kwenye mpango.

Nikavua fulana, nikaiweka juu ya meza yao katikati ya sahani. Nikatembea mpaka nyumbani Rhotia kifua wazi na ule ukungu. Watu barabarani walidhani nimelewa.

Mtamba hakwenda Arusha. Alibaki kwenye zizi la Mangi nyuma ya duka, eti anamtunzia meneja. Na Paker, kila mnada, alifika dukani akiwa na fimbo yake, anakaa kwenye benchi la wateja, anauliza hali ya paashe wake.

"Yuko kikaoni," Mangi anasema.

"Kikao gani hakiishi?"

"Mzee, mambo ya kampuni ni mchakato."

"Basi msalimie mchakato."

Benchi la kushoto lilininunia. Waliniita msaliti. "Umehamia kwa akina nani?" wakaniuliza. Nikawaambia sijahamia popote, nimetoka tu. Hilo hawakulielewa. Walikuwa bado wanasubiri kubwa iliyofichwa. Mmoja alibadilisha mlio ukawa wimbo wa harusi, simu ikamlilia msibani Buger wakati jeneza linashushwa, na bado akaisifia sauti yake.

Mwaka ukapita, mabango yakarudi. JAMBO KUBWA ZAIDI. Mangi akaja mpaka kwangu kuniomba niongee na watu wa Kakesio waje tena wakae mbele na mashuka yao, picha zinatoka vizuri.

Siku ya tangazo nilimsubiri Paker kwa mama wa chai. Nikamwambia, "Leo mchukue mtamba wako."

"Siwezi. Mnyama wa paashe harudishwi. Nikimgusa kamba, laana ni yangu, siyo ya yule."

"Ukimgusa wewe. Nikimgusa mimi?"

Akazungusha kikombe. "Wewe ni Mwiraki," akasema. "Kuiba ng'ombe ni kazi ya baba zako."

"Na nyie je?"

"Sisi hatujawahi kuiba. Ng'ombe wote wa dunia ni wetu." Akanywa chai yake ikaisha, akainuka. "Mimi naanza kwenda nyumbani. Natembea polepole. Sitageuka nyuma."

Mangi alikuwa jukwaani. Niliingia zizini kwake mchana kweupe, mke wake akiwa anapepeta maharage mlangoni. Nikamwamkia. Nikamwambia namchukua ng'ombe wa Kakesio. Akanitazama, akaendelea kupepeta. "Chukua," akasema. "Kila siku mimi ndiye ninayemkatia majani." Mtamba alikuwa amenenepa, na ana mimba.

Ningeweza kupita njia ya nyuma. Nilipita uwanjani. Meneja alikuwa anazungumza, sijui walikuwa wameikoleza tena au wameipausha. Nikapita kati ya jukwaa na watu, nachechemea, kamba mkononi, na yule ng'ombe akachagua kusimama pale pale mbele ya pazia lao na kujisaidia. Fundi wa vyuma akapiga mluzi. Mashuka ya Kakesio hayakuwepo hata moja. Safari hii hawakuja.

"Wewe," Mangi akasema, na kipaza sauti kiko mdomoni, kwa hiyo alisikika mpaka stendi. "Huyo ng'ombe wa kampuni unampeleka wapi?"

"Kakesio," nikajibu. "Pale mlipopiga picha."

Sikusimama. Nyuma nilisikia kicheko kikianzia kwa wale wa benchi la kulia, kisha nikasikia sauti ninazozijua, za wale wa kushoto, nao wanacheka. Hakuna aliyenifuata. Wengine hadi leo wananiita mwizi. Waniite. Niliyoyaandika hapa wayaweke mezani, wanionyeshe uongo uko wapi.

Tulishika njia ya Mang'ola, ile wanayopitisha mifugo ya mnada. Paker alikuwa mbele yangu, nikiona mgongo wake tu, hageuki, kama alivyosema. Mguu uliniuma, ng'ombe hana haraka. Jioni tulipokaa kupumzika aliketi akimpa mtamba mgongo, akaniuliza mimi kama ni mzima.

"Nani?" nikamwuliza.

"Simjui. Huyo uliye naye."

"Ni mzima. Ana mimba."

"Huyo unayetembea naye," akasema, "ukifika kwangu utataka pa kumlaza. Zizi ninalo."

Tulipokuwa tunaukaribia mpando wa kuingia kwao, simu yangu ililia. Mangi. Akasema meneja amekasirika, taarifa iko polisi, nimrudishe ng'ombe kesho asubuhi. Nikamwambia meneja aje mwenyewe amchukue, njia wapiga picha wake wanaijua, na akifika atapokewa kwa maziwa maana kule bado ni paashe wa mtu. Akaanza kunitukana. Sisi tukawa tunapanda, na sauti yake ikakatika katikati ya neno.

Baadaye niliambiwa walinipigia siku tano mfululizo, yeye na meneja na askari mmoja. Hawakunipata. Wakitaka kunipata huko, wajenge mnara.