Kahawa Iliyotemwa

Jirani yangu hapa Nyalukemba hunywa chai kwa kuivuta, sruuup, mpaka sauti inapenya ukuta. Kila asubuhi ananirudisha kwenye umri wa miaka tisa, kwenye vilima vya juu ya Minova.

Mwaka ule mradi fulani ulituletea agronome, mtaalamu wa kilimo, atufundishe kulima kahawa ya kuuzwa nchi za mbali. Mchume nyekundu tu, alisema. Maman hakumwamini sana, lakini alitii. Tulichuma tunda moja moja, vidole vikinata utamu, huku majirani wakikamua tawi zima, mabichi na mabivu, wamuuzie mchuuzi aliyekuja kwa mtumbwi kule ziwani, ambaye hakuwa na masharti.

"Maman Neema, unachagua kahawa ao unachagua mukwe?" walimtania.

Ikaja siku ya kuonja, ijulikane kahawa ya nani itapokelewa. Maman alivaa kikwembe chake cha misa. Tulichelewa. Nilipopenya kati ya viuno vya watu, mwonjaji, mama mmoja mwenye kijiko, alikuwa amefikia kikombe chenye jina letu. Akavuta, sruuup. Kisha akatema ndani ya ndoo.

"Maman! Anatema ya kwetu!"

Watu wakacheka. Maman akanishika mkono, tukatoka. Kwetu husemwa asali haitemwi. Hakuhitaji maelezo mengine.

Kesho yake agronome alipanda kilima hadi kwetu, akihema. Maman alimjibu mlango ukiwa umefungwa.

"Mutu anatema chakula yako, kisha anakufuata. Anatafuta nini?"

"Maman, fungua, nikuelezee."

"Elezea ile ndoo yenu!"

Mimi nilikuwa nimeegemea mlango kwa nguvu zangu zote. Akaondoka. Kahawa yetu nyekundu ikamwagwa mtumbwini juu ya mabichi ya majirani, na Maman hakuchagua tena tunda hata moja.

Miaka mingi baadaye, chuoni, rafiki aliyejifunza kazi ya kuonja aliniambia kwamba waonjaji hutema kila kikombe, hata kile wanachokisifu, ili ulimi usichoke. Bado ninamshuku agronome. Kwa nini hakutuambia mapema? Kwa nini hakuna mkulima aliyepewa kijiko? Lakini kabla sijapiga kelele siku ile, ningeweza kumuuliza mtu yeyote aliyesimama pale: na vya wengine ametema?

Sikuuliza. Na Maman, ambaye hakuwaamini watu wa mradi, aliniamini mimi.