Kalamu Ilipoinama

Salvina alizaliwa Ushirombo, katika nyumba ambayo hata wageni walisalishwa rozari, akasomea uuguzi wa magonjwa ya akili Dodoma, na kwa miaka kumi na moja sasa yuko Kharumwa, kwenye kituo cha afya ambacho chumba chake ni kile cha mwisho, nyuma ya mzani wa watoto. Wagonjwa humwita dokta. Zamani alikuwa akiwasahihisha. Siku hizi amechoka, anaitika tu.

Alhamisi mchana ni siku ya watu wa kubeti. Hakuna kibao mlangoni kinachosema hivyo, maana nani angekuja? Wenyewe wanajua. Huingia mmoja mmoja, wakijifanya wamepotea njia ya maabara. Saa nane ile joto huwa limelala juu ya bati, na kutoka upande wa machimbo makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu yananguruma, ngurumo moja isiyo na mwisho, na mji mzima unasinzia ndani yake. Hata Salvina, Mungu amsamehe, kuna dakika alimsikiliza mgonjwa akiwa nusu hapa na nusu kwao Ushirombo, anasikia kengele ya kanisa.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Hakuanza na habari za fedha. Mtu wa kubeti ukimuuliza fedha atakudanganya mpaka uone aibu wewe. Yeye aliuliza, "Unalalaje? Unaota nini?" Kwa watu wa huku hilo lilikuwa swali la heshima. Mchimbaji aliyeota vibaya hashuki kwenye duara, shimo lake la dhahabu, siku hiyo, na hakuna tajiri wa kumlazimisha. Basi watu walifunguka, wakasimulia palepale kwenye kiti, na Salvina akawa anaandika katika daftari kubwa la jalada la bluu.

Msimuliaji aliyewapita wote alikuwa Masele, mkulima wa kijiji cha jirani ambaye kiangazi huja machimboni kuvunja mawe. Aliletwa na mkewe, Loveness, baada ya kuuza baiskeli, kisha mabati yaliyokuwa yanangoja kuezekwa, kisha mbuzi wa binti yao Esta. Kilichobaki ni maksai wawili aliorithi kwa baba yake, Pilipili na Tajiri. Bila hao hakuna kulima, na mvua za kwanza zilikuwa njiani. Loveness alisema mbele ya mumewe, bila kupaza sauti, "Dokta, wakiuzwa hao, mimi na Esta tunarudi kwa baba yangu, kule Nkome." Masele akatazama vidole vyake vya miguu.

Lakini alikuja. Alhamisi sita mfululizo hakukosa. Alifika kabla ya wenzake, akasema shikamoo dokta, akavuta kiti karibu na meza, akaanza. Aliota maji yanapanda mlima. Aliota watu wa mashati mekundu wanavuna mpunga wa baba yake, na wa mashati meupe wamekaa tu. Aliota anakimbia uwanjani na ng'ombe wake, watu wanashangilia, na hajui kama wanamshangilia yeye au ng'ombe. Alisimulia polepole, macho mezani, sauti yake ikachanganyika na makarasha mpaka Salvina akayaona yale maji yanapanda kweli. Wiki zikaenda. Masele akaanza kupata usingizi, akaanza kunyoa ndevu. Salvina akamhesabu kuwa ndiye mgonjwa wake bora, na nisikufiche, kichwa kilimvimba.

Jumanne ya wiki ya saba Loveness akaja peke yake.

"Shikamoo dokta. Nimekuja kukuomba kitu. Keshokutwa usiandike."

"Nisiandike nini, Mama Esta?"

"Chochote. Ukiandika, Ijumaa maksai wanaenda mnadani."

Salvina hakuelewa, na Loveness akamweleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba. Wachimbaji kabla ya kufungua duara huenda kwa nfumu, mpiga ramli. Humsimulia ndoto zao. Nfumu hasemi chimba wala usichimbe. Anatikisa usinga wake tu, na mwenye akili hutazama usinga umesimama kwenye neno gani. Kumuuliza waziwazi ni kukosa adabu. Masele naye alikuwa akiitazama kalamu. Akitaja mashati mekundu na dokta akainama kuandika, Jumamosi aliziwekea timu za jezi nyekundu. Dokta asipoandika, aliziacha. Na mara moja, wiki ya pili, mkeka wake wa kubeti ulitiki wote, kila timu aliyoiwekea ikashinda.

"Tangu siku hiyo anasema hajaona nfumu wa namna yako," Loveness alisema. "Hata ada hutozi. Anasema ndiyo maana una nguvu. Sasa anataka ndoto moja kubwa, aweke maksai wote wawili."

Salvina alicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha, kisha aibu ikampanda hadi masikioni. Wiki sita alikuwa amempigia mtu ramli akiwa na sare nyeupe na vyeti ukutani.

Siku mbili hizo aliligeuza jambo hilo kila upande. Kumwambia Masele kwamba hajui lolote hakungesaidia kitu. Nfumu wa kweli hukana. Akiificha kalamu, Masele angeusoma ukimya. Na palikuwa na njia fupi, tamu, iliyomjia akiwa anafua: akunje uso, aseme maksai wasitoke zizini, basi. Masele angetii. Loveness angebaki. Na wiki inayofuata Masele angerudi kuuliza jingine, na jingine, mpaka uzeeni. Salvina alilala na neno lile mdomoni, akaamka nalo.

Alhamisi Masele alikuja amevaa shati lililopigwa pasi.

"Nimeota," alisema. "Pilipili anaingia ziwani, anatoka mweupe." Akaitazama kalamu.

Salvina alipiga moyo konde, akalisukuma daftari upande wake. "Soma, Baba Esta. Kurasa zako zote, tangu siku ya kwanza."

Masele alirudisha mikono nyuma. Usinga wa nfumu haushikwi na kila mtu. Lakini dokta hakuondoa macho, naye akaanza kusoma, kidole chini ya kila neno.

"Mikono inatetemeka. Hajala tangu jana." Akafunua. "Amekuja kwa miguu, ndala imekatika. Amemtaja Esta mara mbili, akanyamaza." Akafunua tena. "Akitaja maksai sauti inashuka. Nadhani anamkumbuka baba yake."

Alifunua nyingine, na nyingine, kwa haraka. "Mashati mekundu yako wapi?"

"Sikuyaandika."

"Nilikuona umeinama."

"Ulipoyataja ulianza kujikuna shingo. Niliandika hilo. Nilikuwa naandika habari zako tu, Baba Esta."

"Na ule mkeka uliotiki?"

"Watu walicheza mpira, wakafunga. Sijui zaidi ya hapo."

Masele alilifunga daftari taratibu, akatoka bila kuaga. Kofia yake ilibaki kwenye kiti.

Ijumaa Salvina aliomba ruhusa, akaenda mnadani. Alizunguka katikati ya ng'ombe, vumbi jekundu likielea mpaka sura za watu zikapotea, na kila maksai mwekundu alikuwa Pilipili, ingawa Pilipili mwenyewe alikuwa hajamwona ila katika ndoto za mtu mwingine. Akarudi hajui lolote. Jumapili mvua ikanyesha.

Alhamisi iliyofuata hakuja mgonjwa hata mmoja. Kofia ilikuwa palepale. Saa nane ikapita, ikaja saa tisa, mvua ikicheza juu ya bati, na Salvina akalaza kichwa juu ya daftari. Akamwona Pilipili amesimama mlangoni pa kituo, hana nira shingoni, maji yanamchuruzika, anamtazama tu. Akazinduka, na kabla hajafuta mate alikuwa ameshaanza kujiuliza: hana nira, maana yake ameuzwa? Au amepumzishwa? Na maji je, ni heri au shari?

Mlangoni alikuwa amesimama Masele, matope mpaka magotini.

"Shikamoo dokta. Nimechelewa, tulikuwa tunalima."

"Marahaba." Alijifuta mdomo. "Mnalima na nini?"

"Na Pilipili na Tajiri. Mama Esta ameshika plau, Esta anaongoza mbele." Akakaa, akaiweka kofia mapajani. "Jumamosi nilibeti, dokta. Mkeka mdogo. Ukachanika. Nimeona nisikufiche."

"Umefanya vizuri kusema."

Salvina hakuishika kalamu. Na sijui nini kilimwingia, labda usingizi ulikuwa haujamtoka, akamsimulia Masele ndoto yake yote: ng'ombe, mlango, maji, shingo isiyo na nira.

"Nimeogopa, Baba Esta," alisema. "Nilidhani ni ishara."

Masele aliipangusa kofia yake kwa kiganja, akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Hiyo ni ndoto tu, dokta," alisema.