Nani Alimkimbilia

Kijijini kwetu Daudi, mtu akipiga yowe, huulizi. Unaacha jembe, unaacha maziwa yamwagike jikoni, unakimbia. Ukishafika ndipo utajua kama ni moto, ni fisi au ni mwanamke anayepigwa na mumewe. Anayesikia asiende, wazee wanamwita na kumtoza faini, na hiyo ya kutozwa ni ndogo. Kubwa ni kwamba kuanzia siku hiyo hakuna anayemsalimia njiani, na akifiwa atachimba kaburi mwenyewe. Nimeona mtu akihama kwa jambo hilo. Aliuza mifugo yake akaenda kuishi Mogitu, na hata huko habari zilimtangulia.

Naanza na hilo kwa sababu bila hilo hutamwelewa mama yangu, na mimi nimechoka kusikia watu wakisema eti mama yangu amechanganyikiwa. Hajachanganyikiwa. Ana swali moja tu, na kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumjibu.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa mwanajeshi, upande wa uhandisi wa medani. Watu wakisikia jeshi wanafikiria bunduki. Yeye kazi yake ilikuwa kutengeneza madaraja ya haraka, kufungua barabara zilizokatika, na kutegua mabomu yaliyofukiwa ardhini. Akija likizo mama anamuuliza, "Hivi wewe huko jeshini unafanya nini hasa?" Naye anajibu, "Nalima, mama, ila navuna chuma." Mama anamwambia apeleke utani wake mbele. Kisha wakapelekwa nje ya nchi kulinda amani. Huko, kwenye njia ambayo wanakijiji walikuwa wanaitumia kwenda kisimani, bomu likampata.

Alirudi ndani ya sanduku lililofungwa, na tukaambiwa lisifunguliwe. Wengine tulilia, wengine walibishana na wanajeshi. Mama hakufanya lolote kati ya hayo. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, kanga imefungwa vizuri, anaangalia sanduku kama mtu anayesubiri mgeni amalize kuongea. Ofisa aliyekuja na msafara alikuwa kijana mwenye adabu zake. Alimwamkia, akapiga goti, akampa bendera iliyokunjwa. Mama akaipokea, akamuuliza kwa Kiswahili chake kile cha kuchagua neno mojamoja, "Nani alimkimbilia?"

"Mama, wenzake wote walimpenda. Amekufa kishujaa akiitumikia nchi yake."

"Sijauliza hilo, mwanangu. Nani alimkimbilia?"

"Alihudumiwa kwa kufuata taratibu zote, mama."

Taratibu! Nilitamani nimtoe pale kwa mkono. Lakini najua, maskini, naye alikuwa amepewa maneno ya kusema, na swali la mama halikuwemo.

Wakati wa kushusha jeneza, wanajeshi walipiga risasi hewani kwa heshima. Sisi tuliokuwa msibani tulishtuka tu. Watu wa ng'ambo ya bonde, ambao hawakuwa na habari za msiba, wakaja mbio. Mmoja alifika na rungu, mwingine ana povu la sabuni masikioni, wote wanahema, wanauliza kuna nini. Baadhi ya waombolezaji walicheka, si kwa ubaya. Mama aliwaangalia wale watu mmoja mmoja, kisha akaniambia kwa Kiiraqw, lugha yetu, "Unawaona? Hawa hata hawamjui."

Ndipo nilipoelewa kwamba kifo ameshakikubali. Kilichokuwa kinamla ni kitu kingine. Alitaka kujua kama mwanawe aliita na watu wakakaa.

Baada ya mazishi mimi nilirudi Nangwa ninakofundisha, yeye akabaki na ng'ombe wake na lile swali. Kila nikienda namkuta amepungua. Tunachambua maharage, ghafla anasimamisha mkono. "Umesikia?" Sijasikia kitu. Anainuka, na goti lake lile bovu, anatoka mpaka kwenye ukingo wa shamba, anasimama pale anageuza kichwa huku na huku. Kuna siku watoto walikuwa wanacheza bondeni wakapiga kelele za mchezo, mama akateremka mbio na ufagio mkononi. Walimwona anafika anahema, wakatawanyika kwa hofu. Alirudi ana majani kwenye kanga.

Kila aliyevaa sare alipambana na swali lake. Siku ya Mashujaa huwa anaalikwa, anapewa kiti cha mbele, anatajwa kwenye kipaza sauti kuwa ni mzazi wa shujaa. Viongozi wakija kumpa mkono, hauachii ule mkono mpaka aulize. Wanamjibu mambo ya nchi. Siku moja alimuuliza hata askari mgambo aliyekuwa analinda baiskeli, na yule mgambo, Mungu ambariki, ndiye peke yake aliyemwambia sijui.

Na mimi hali hiyo ikaniingia. Nisijifanye. Watoto wa shule wakitoka mapumziko wanapiga kelele kama kawaida ya watoto, na mimi nikiwa ofisini na chaki mkononi nasikia miguu inataka kwenda. Niliogopa, nakiri. Nilianza kusali kabla ya kengele ya mapumziko, jambo ambalo wenzangu wangelijua wangenicheka mpaka kustaafu.

Mwaka juzi, mwezi wa sita, shule zimefungwa, nilikuwa kwa mama. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Akaja mwanaume mmoja kwa miguu kutoka barabarani, nguo za kiraia, kajaketi ka nchi za joto, anatetemeka. Alikuwa mtu wa Lindi, ilisikika mara alipofungua mdomo. Akasema, "Shikamoo mama. Mimi nilikuwa kikosi kimoja na mwanao. Nimechelewa sana kuja."

"Marahaba. Karibu ndani, kuna baridi."

Tulimpa chai ya maziwa. Mama alimwacha anywe nusu, maana hata yeye ana utu, kisha akauliza. Yule mtu akaweka kikombe chini.

"Mimi ndiye niliyekuwa nyuma yake, mama."

"Ulimkimbilia?"

"Hapana."

Nilisimama. Nilimwambia maneno ambayo mwalimu hatakiwi hata kuyajua. Nilimwambia amekunywa chai ya nani. Mama akanishika kanga akanivuta chini. "Kaa. Huyu anajibu."

Akaeleza, anaangalia sakafu. Katika kazi yao, mwenzako akilipuliwa, humkimbilii. Ardhi iliyo kati yako na yeye hujui ina nini. Unapiga magoti, unatoa kijifimbo cha chuma, unachoma udongo mbele yako taratibu, kiganja kwa kiganja, unasogea kidogo, unachoma tena. Ukikimbia mnakuwa maiti wawili, na watakaokuja kuwachukua nao wanaweza kubaki palepale. Ndivyo walivyofundishwa, na mwalimu wao mmojawapo alikuwa mdogo wangu.

"Yeye mwenyewe alinizuia, mama. Alianguka, akainua mkono, akasema simama hapohapo, usije. Nikaanza kuchoma udongo. Kila nikiharakisha ananiambia, polepole wewe, usije haraka. Kutoka nilipokuwa mpaka kwake ni kama kutoka hapa mpaka zizi lile."

Tuligeuka wote watatu tukaangalia zizi. Ni karibu kiasi kwamba ng'ombe akikohoa unamsikia. Mtoto anakwenda na kurudi kabla hujamaliza kumtuma.

"Jua lilihama, mama. Nilipomshika alikuwa amekwisha nyamaza."

Mama akauliza, "Kabla ya kunyamaza alisema nini?"

Yule mtu alipangusa mdomo. Akasema mwishoni mdogo wangu aliacha Kiswahili, akawa anasema kilugha. Neno moja tu, analirudia, kwanza kwa nguvu, halafu kwa sauti ndogo. "Sikulijua, mama. Nimekaa nalo mpaka leo. Nikiwa kazini nalisikia, nikioga nalisikia. Mke wangu ananiambia nalisema usingizini. Nimekuja uniambie ni nini."

"Liseme."

Akalisema. Alilisema vibaya, kwa ulimi wa Lindi, lakini lilikuwa lenyewe. Sitaliandika hapa. Ni neno la mtu aliyesimama ukingoni, mikono mdomoni, anaita watu waje. Halina kazi nyingine. Hakuna aliyezaliwa Daudi anayelisikia akabaki ameketi, na mimi nilijikuta nimeshainuka kidogo kutoka kwenye kigoda. Mama naye. Magoti yake yalinyooka, mkono ukashika nguzo. Kwa Kiswahili alikuwa anamkinga mwenzake, usije, usije. Kwa lugha ya mama yake alikuwa anatuita.

Mama alirudi kukaa polepole.

"Maana yake nini, mama?" yule mtu akauliza.

Mama alimwangalia. Aliangalia kajaketi kake, vidole vyake vilivyojaa makovu madogo, macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu siku ile. Nilidhani atamwambia. Kwa hasira niliyokuwa nayo, nilitaka amwambie.

"Ni la kuaga," alisema mama. "Mtu akianza safari, anawaaga wanaobaki."

Yule mtu alilia mpaka mabega yakatikisika. Alisema asante, mama, asante, na mama akawa anampigapiga mgongoni kama anavyofanya kwa ndama mgonjwa. Mimi nilimkodolea macho mama yangu. Hakunitazama.

Yule mtu alipotulia alituambia shida ya pili iliyomleta. Yeye na wenzake wa uhandisi wanachonga jiwe kambini, kwa mikono yao wenyewe, kwa ajili ya wenzao waliokufa kazini. Chini ya kila jina wanaweka maneno kutoka nyumbani kwa marehemu. Siku ya kumbukumbu kikosi kizima kitakuwa kinasimama mbele ya lile jiwe, hata waliostaafu. Kwa mdogo wangu hawakuwa na kitu cha kuandika. "Sasa tunacho," alisema, akanipa simu yake. "Dada, wewe ni mwalimu. Niandikie hilo neno lilivyo sawasawa." Akatoka kwenda kuona kaburi.

Nilibaki na simu ya mtu mkononi. Nikamwambia mama kwa lugha yetu kwamba siwezi. Nilimwambia umemdanganya mtu mzima, sawa, umemhurumia, lakini hili la jiwe hapana. Watu watapanga mstari mbele ya mwanao anayepiga yowe, watapiga saluti, watadhani anawaaga. Nilikuwa nalia na nilikuwa na hasira, sijui ipi ilitangulia.

Mama alikuwa anamwangalia yule mtu kupitia mlangoni. Alikuwa amesimama kando ya kaburi ndani ya ukungu, amekaza mgongo, mkono kwenye paji la uso.

"Hiyo siku ya kumbukumbu," mama akauliza, "wanakuja wote?"

"Amesema wote."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka, mama."

"Basi liandike vizuri," alisema. "Awaite. Hao watakuja."