Kofia ya Masikio Mapana

Thorkell alikuwa mtu wa kondoo. Alikuwa na kondoo mia tatu katika bonde moja la kaskazini mwa Iceland, na mkewe Hrefna alipenda kusema kwamba mumewe huzungumza na hao wote kila siku, kisha jioni anarudi nyumbani maneno yamemwishia.

Walikuwa wameoana miaka tisa bila mtoto. Siku moja ya Oktoba Hrefna akarudi kutoka kliniki ya mjini, akaweka ufunguo wa gari juu ya mkate badala ya mezani, akasema ana mimba. Mkunga Sesselja amesema ni wiki ya saba.

Thorkell alimkumbatia, halafu akaenda bandani kulia kwa furaha, kwa sababu kondoo hawaulizi. Alipokwisha kufuta pua, akaanza kuhesabu.

Kuhesabu mimba ilikuwa kazi yake. Kila Desemba alimpaka dume rangi nyekundu kifuani. Jike akionekana na wekundu mgongoni, basi ndiyo siku yenyewe, unahesabu kuanzia hapo. Kwa hiyo akarudi nyuma wiki saba kwa vidole, na kidole kikamfikisha mahali pabaya: juu ya paa la kibanda cha wachungaji, mlimani, ana misumari mdomoni.

Wiki hizo alikuwa amepanda kuziba paa na kurekebisha ua, kisha akaunganisha moja kwa moja na wenzake kuteremsha kondoo. Wiki mbili nzima hakulala nyumbani, mpaka siku ya kutenganisha kondoo zizini, kila mwenye wake. Akahesabu tena kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto nao ukapanda juu ya paa.

Na nyumbani siku hizo alikuwa amefika nani? Baldvin, fundi wa mashine za kufulia. Mtu mwema, mwenye kuimba akifanya kazi, na masikio yake yalikuwa kama visahani vya kahawa.

Thorkell hakuuliza. Aliona heri avuke mto wa barafu kwa miguu kuliko kumwuliza mkewe swali kama hilo. Alizunguka nalo bandani siku tatu, mwisho akaamua. Mtoto atazaliwa kwake, atakula siagi yake, atajua majina ya kondoo wake. Huyo ni wake, yamekwisha. Ila baridi ya bonde lile haina mchezo, na masikio yale yangehitaji kofia maalumu.

Basi akaanza kufuma. Mama yake alimfundisha zamani. Alijificha nyuma ya marobota ya nyasi na sindano zake, akafuma kofia ndogo ya sufu yenye mifuko miwili pembeni, kila mmoja ungeweza kubeba kitumbua.

Bahati mbaya, mashine ya kufulia ikaharibika tena. Hrefna akataka kumwita Baldvin. Thorkell akasema ataitengeneza mwenyewe. Jaribio la kwanza lilileta maji sebuleni. La pili liliifanya mashine itembee hadi mlangoni, kama inayotaka kuhama. Hrefna akawa anafua kwa mkono, na akawa anamwangalia sana mumewe.

Novemba wakaenda kliniki pamoja kupiga picha ya tumbo. Sesselja, aliyezalisha karibu bonde zima, akawaonyesha kitu kidogo kinachorusha miguu kwenye skrini. Wiki ya kumi na mbili, akasema, na moyo unapiga vizuri.

Thorkell akasogea. "Masikio yanaonekana?"

"Masikio? Mtoto mzima hazidi ndimu, Thorkell."

"Basi alitungwa lini?"

"Kama wiki kumi zilizopita."

"Umesema kumi na mbili."

"Mimba ina kumi na mbili, mtoto ana kumi. Tunaanza kuhesabu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mimba yenyewe huingia wiki mbili hivi baadaye."

Thorkell akafikiri. "Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo hana mimba."

"Hana."

"Na mnazihesabu."

"Tunazihesabu."

"Mimi nikifanya hivyo na kondoo, bonde zima litanicheka."

"Wewe dume wako unampaka rangi," akasema Sesselja. "Wanaume wa hapa bado hatujaanza kuwapaka. Siku ambayo mwanamke anaikumbuka ni ya hedhi, basi tunaanzia hapo. Na hata hivyo ni makadirio, siku chache huku au kule." Akatazama kalenda ukutani. "Mimba yenu inaangukia siku ya kutenganisha kondoo, na ile dansi yake ya usiku. Kama kawaida. Wewe umezaliwa lini?"

"Juni, tarehe sita."

"Na Hrefna tarehe tisa. Mimi sijapata likizo ya Juni tangu nianze kazi."

Thorkell akaikumbuka ile dansi, usiku aliorudi kutoka mlimani. Yeye asiyecheza alicheza, tena ananuka kondoo. Akakaa chini pasipo na kiti.

Garini Hrefna akataka kujua habari ya masikio. Thorkell akaichomoa kofia mfukoni, akaeleza yote akitazama nje. Hrefna akaegesha gari pembeni. Thorkell akajiandaa kushuka na kutembea.

"Baldvin?" akasema Hrefna. "Yule anayeogopa hata kuku wangu?" Akacheka mpaka miwani ikaingia ukungu. Kisha akaigeuzageuza kofia. "Na ungemlea?"

"Imebaki kufuma kamba za kufungia tu."

Hrefna akamshika mkono, hakuuachia mpaka alipohitaji kubadilisha gia. "Sasa, bwana, mikono yangu imechubuka kwa kufua. Utampigia simu wewe."

Thorkell, asiyempigia simu mtu, alipiga. Baldvin akaja, akalishwa chapati za krimu mpaka akauliza kama kuna msiba. Kofia alipewa yeye. Kichwa kilikataa kuingia, lakini masikio yalikaa sawasawa.

Desemba Thorkell alikuwa anampaka dume rangi, Hrefna akaja na tumbo lake, akachukua brashi, akamchora mumewe mstari mwekundu kwenye sweta, kifuani.

"Mtoto wa pili tusisumbuane kuhesabu," akasema.

Thorkell akaenda dukani na sweta hiyo hivyohivyo.