King'ora cha Mvua

Jirani yetu alikuwa meneja hadi kiwanda kilipobinafsishwa, na mpaka leo hutembea na funguo kiunoni utadhani ghala bado ni lake. King'ora cha wezi ukutani kwake ni kikongwe. Mvua ikijikusanya kwenye milima ya Uluguru, nyaya hupata unyevu, nacho hulia kabla tone halijaanguka. Mwenyewe hukipiga kofi, hukitegea sikio. Fundi kila mara humwambia, "Mzee, kimekwisha hicho. Siku hizi ruksa kuagiza nje, vipya vimejaa Dar." Naye mzee hujibu kwa sauti ya vikao: "Suala hilo linafanyiwa kazi." Nasi majirani tunaomba kazi hiyo isiishe, maana kikilia tunawahi kuanua nguo na mahindi.

Alhamisi kililia jua likiwaka. Tukaanua hivyo hivyo. Kijana akatoka mlango wa mbele wa jirani na televisheni begani, tukamdhania fundi wa televisheni. "Poleni na kazi," akasema. Tukaitikia, "Tumeshapoa." Mwenye nyumba tulimkuta uani, funguo zikilia kiunoni, amekumbatia mashati yake mabichi, anatafuta wingu.