Shimo la Soko Jipya

Juzi nilisimama Mchafukoge kutazama shimo la msingi wa ghorofa, na mimi, mwenye stashahada ya jiolojia niliyoipata Ulaya kwa jasho langu mwenyewe, nikainama kushika mchanga nione kama una moto.

Utotoni, jirani yetu Mama Eli alinisimulia habari za kwao Kilimanjaro. Alisema kimondo kilianguka, kikachimba shimo, moto ukatoka humo ukawa mlima. Basi mchana mmoja mama alinipitisha Kariakoo, mahali soko jipya lilipokuwa likijengwa. Shimo lake lingemeza mtaa mzima. Lilinuka udongo mbichi, na chini kabisa vyuma viligongwa. Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo ya barabara tu.

"Shikamoo," nilimwamkia fundi mmoja. "Kimondo kiko wapi?"

"Marahaba. Tumeshakitoa, binti," alijibu bila kucheka. "Shika chini uone."

Nilishika. Mchanga ulikuwa wa moto. Jua la saa nane sikulifikiria kabisa.

"Mama, tuhame. Mlima unakuja."

Leo najua kwamba volkano huanzia tumboni mwa dunia, na kwamba ni wataalamu wachache tu waliowahi kudai kuwa baadhi yake zilianzishwa na vimondo. Mtaani kwetu ni mimi peke yangu ninayeweza kulieleza hilo. Siku ile mama hakujua lolote. Alitua kikapu chake cha dagaa, akalitazama shimo, kisha akanishika mkono.

"Tuhamie wapi? Mlima ukiota, utatupandisha na nyumba yetu."

Nikainua macho angani, nikaanza kutafuta mahali tutakapokaa.