Mkono Kwenye Gia

Niamini kwa sababu kisa hiki kinaniaibisha. Mtu akitunga uongo hujipa sehemu nzuri, na mimi humu sina sehemu nzuri hata moja. Yalinipata kweli. Mke wangu Atieno yupo, unaweza kumuuliza, ingawa ningeomba usimuulize nikiwa karibu.

Nilikuwa najenga gari, mfano wa yale ya spoti ya zamani: viti viwili, halina paa, pua ndefu. Bodi yake ya faibaglasi nilitengenezewa na mafundi wa boti pale Dunga, na injini nilikuwa nayo tayari. Zilibaki giaboksi, propela shafti ya kupeleka nguvu nyuma, difu ya kuzungusha magurudumu, na tairi. Fundi wangu, Omondi, alishikilia kwamba vile vyuma vitatu vitoke kwenye gari moja.

"Vimezoeana, bwana," aliniambia. "Ukichanganya, kila siku utakuwa umelala chini ya gari."

Akatafuta mpaka akapata pikapu kuukuu katika boma moja karibu na Maseno. Mwenyewe, mzee aliyekuwa akibeba nyanya kupeleka soko la Kibuye, alikuwa amefariki. Hakufa kwa ajali, nataka uelewe hilo; aliugua akafia kitandani mwake. Mjane wake, Mama Awuor, alituuzia bila maneno mengi. Alisimama tu mlangoni akituangalia mpaka Omondi akafungua nati ya mwisho.

Tairi ndizo zilizoleta ubishi. Omondi alitaka nyembamba. Gari ni jepesi, alisema, ukiliwekea tairi pana litaelea juu ya maji mvua ikinyesha. Mimi nilitaka pana. Kwa nini? Kwa sababu majirani zangu wa Milimani wangeziona. Atieno alinitazama akasema, "Unavalisha gari ama unaliendesha?" Nikanunua pana.

Jioni moja mimi na Atieno tulikuwa tunarudi kutoka kwa wazazi wake huko Maseno. Jua lilikuwa limezama lakini mwanga ulikuwepo, wa kutosha kutambua uso wa mtu. Mvua ikatukuta tukianza kuteremka kuelekea Kisumu. Nikataka kurudisha gia ya tatu. Ikakataa. Nikasukuma tena, ikalia vibaya.

Halafu mkono ukaja juu ya wangu.

Nilidhani ni wa Atieno. Lakini Atieno alikuwa ameshika mkoba juu ya kichwa chake kwa mikono yote miwili. Huu ulitokea nyuma, katikati ya viti vyetu, mahali ambapo hata begi dogo linaingia kwa taabu. Ulikuwa mkono wa mzee, ndani ya shati la mikono mirefu lililofungwa kifungo. Sisi tulikuwa tumelowa chapachapa. Shati lile lilikuwa kavu, na lilinukia sabuni, kama nguo iliyotoka kupigwa pasi.

"Ya tatu huwa inakataa," sauti ikasema kwa upole, karibu kabisa na sikio langu. "Ibembeleze."

Nikatazama kioo. Hakuna mtu. Nikatazama chini. Mkono upo palepale, na una joto. Unajua ni nini kilichonimaliza? Lile joto.

Sasa hapa ndipo ninapoona haya kuendelea. Sikumwita mke wangu. Sikumshika. Nilifungua mlango, gari linatembea, nikaruka.

Nilibingirika kuvuka barabara mpaka kwenye nyasi, nikainuka, nikakimbia kurudi tulikotoka, kupanda kilima. Nilimsikia Atieno akiniita kwa jina, mara moja tu. Sikugeuka.

Akili iliponirudia, nikashuka nikichechemea. Nilitarajia kukuta gari limepinduka mtaroni. Nililikuta limeegeshwa vizuri kando ya barabara, chini kabisa ya mteremko, taa zinawaka. Atieno, ambaye hakuwa amewahi kuendesha gari maishani mwake, alikuwa kwenye kiti changu, ameshika usukani.

"Amenifundisha," akasema. "Tairi zilikuwa zinateleza. Akaniambia, mama, breki usikanyage kwa nguvu, mguu wa kushoto bonyeza hapo, gia niachie mimi. Akakaa na mimi mpaka likasimama."

"Yuko wapi?"

"Ameshuka. Nimemshukuru, nimemwambia erokamano." Ndipo akanitazama. "Na wewe ulienda wapi?"

Nikasema nilikuwa nimeenda kutafuta msaada. Hakubisha. Afadhali angebisha.

Jumapili iliyofuata akashikilia twende kwa Mama Awuor, ajue. Mimi nilitafuta visingizio vikaisha. Mama Awuor alitusikiliza ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani. Tulipofika kwenye lile shati, kabla hatujafika nilipokimbia, aliinamisha kichwa.

"Nililipiga pasi mwenyewe," akasema. "Ndilo nililomzika nalo."

Kisha akanigeukia mimi, maana mimi ndiye mwanamume na gari ni langu. "Baba, wewe ndiye ulikuwa kwa usukani. Alipowaacha alisema nini? Alitaja nyumbani?"

Yule mama alikuwa amesogea mbele kabisa, ananisubiri.

"Muulize yeye," nikasema. "Mimi sikuwepo."

Atieno akahamia karibu naye, akamwambia kwa Dholuo, polepole, mdomo kwenye sikio. Mama Awuor alilia, halafu akacheka kidogo, halafu akalia tena. Maneno yenyewe sikuyasikia. Mpaka leo sijathubutu kuyauliza.

Atieno alijifunza gari akapata leseni. Alimwambia Omondi abadilishe tairi, aweke nyembamba, wala hakuniuliza. Yeye ndiye anayeendesha siku hizi, mimi nakaa kushoto. Tukifika ule mteremko, mkono wangu wenyewe hushika kitasa cha mlango, kabla sijafikiri. Atieno huuona. Anaangalia barabara.

Wewe unayejenga gari, vipuri nunua popote, vya marehemu au vya aliye hai. Mzee yule hakutudhuru. Mtu wa kuogopa ni yule utakayekuwa wewe siku hiyo, na huwezi kumjua mapema. Mimi nilikuwa nimekaa naye miaka yote, nikidhani namjua.